Bwana Mwenye Mkono Mmoja

Mimi ni mmoja wa waliosoma katika shule hii miaka iliyopita, nami nimeombwa kuandika kidogo katika sehemu yetu ya Kiswahili. Nilipokuwa mwanafunzi Marekani, mimi na wenzangu wawili tulikwenda Arizona kutembea katika korongo kubwa liitwalo Grand Canyon. Tuliteremka kwa njia ya South Kaibab, tukalala kando ya mto Colorado, na kesho yake tukapanda kwa njia nyingine, iitwayo Bright Angel. Mzunguko wote ni yapata maili 16 na nusu, katika nchi ya jangwa, yenye majabali mekundu na jua kali. Wakati wa kupanda mwenzetu mmoja alichoka kabisa, akawa akikaa chini kila mara. Nilikasirika moyoni, nikataka kumwacha nitangulie. Kilichonizuia ni habari za John Wesley Powell, nilizokuwa nimezisoma kabla ya safari. Habari zenyewe ni hizi.

Powell alizaliwa mwaka 1834 katika jimbo la New York, mtoto wa mhubiri. Tangu utoto alipenda kukusanya mawe na konokono na kusafiri katika mito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea alijiunga na jeshi, na mwaka 1862, katika mapigano ya Shiloh, alipigwa risasi, akakatwa mkono wa kulia. Baada ya vita akawa mwalimu wa elimu ya mawe na viumbe. Watu wengine wangaliridhika na kazi hiyo, lakini yeye alitaka kuijua nchi ya makorongo, ambayo katika ramani za siku zile ilikuwa karibu tupu.

Tarehe 24 Mei 1869 aliondoka Green River, Wyoming, pamoja na watu tisa katika mashua nne. Haukupita mwezi mashua moja ikavunjika katika maporomoko, na chakula kingi kikapotea. Mara kwa mara Powell alipanda majabali ili kupima nchi. Siku moja alikwama juu ya jabali, hawezi kupanda wala kushuka, ameshikilia mwamba kwa ule mkono wake mmoja na miguu inatetemeka. George Bradley, aliyekuwa juu yake, hakuwa na kamba. Basi akavua suruali yake ya ndani, akaiteremsha. Powell akauachia mwamba, akaidaka suruali, akavutwa juu. Mwenzangu msomaji, unaweza kucheka, lakini roho ya mtu yule ilining'inia katika suruali ya mwenzake.

Mwisho wa Agosti walibaki na unga ulioharibika, matofaa makavu na kahawa. Mbele yao yalikuwako maporomoko ya kutisha. Watu watatu, ndugu wawili wa jina la Howland na William Dunn, wakasema hawaendelei, watapanda ukuta wa korongo watoke kwa miguu. Usiku ule Powell hakulala. Alitembea mchangani huku na huku, akipima moyoni kama naye aache safari. Asubuhi ya tarehe 28 wakaagana. Waliobaki walipita salama, na siku mbili baadaye wakafika mahali mto Virgin unapoingia Colorado, wakakuta watu. Wale watatu waliuawa huko nyikani. Mwaka 1870 Powell aliambiwa na Washivwits kwamba wao ndio waliowaua, kwa kudhani ni watu waovu waliomuua mwanamke. Hata leo wako wanaobishana juu ya jambo hilo. Powell hakutaka kisasi, akalala kati yao kwa amani.

Mwaka 1878 aliandika taarifa juu ya nchi kavu, akaonya kwamba maji hayatoshi kwa ardhi yote, na kwamba wakulima hawana budi kushirikiana katika maji. Mwaka 1893 alisema hivyo mbele ya mkutano mkubwa huko Los Angeles, watu wakamzomea. Mwaka uliofuata aliacha ukuu wa idara ya serikali ya kupima nchi. Alikufa mwaka 1902.

Basi siku ile njiani nilikaa chini kando ya mwenzangu. Tuligawana mzigo wake, tukampa maji, tukapanda polepole, tukafika juu jua linapokuchwa. Si mbali na hapo upo ukumbusho wa Powell, uliojengwa kwa mawe. Niliutazama, nikaona haya kwa jinsi nilivyofikiri mchana. Yeye aliyekuwa na mkono mmoja alijua kwamba katika nchi kavu hakuna avukaye peke yake. Mimi mwenye miwili nilikuwa karibu kusahau.