Percy Cox, Mwingereza aliyechora mipaka ya Ghuba kwa penseli nyekundu

Katika makala yetu ya nchi jirani leo tunaangalia maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwarabu wala hakutawala kwa jina lake mwenyewe, lakini mipaka aliyoiweka kati ya watawala wa Kiarabu ingali inaonekana katika ramani za Saudi Arabia, Kuwait na Iraq. Mtu huyo ni Sir Percy Zachariah Cox, ambaye Waarabu wa Ghuba walizoea kumwita Kokus.

Cox alizaliwa tarehe 20 Novemba 1864 huko Herongate, katika jimbo la Essex nchini Uingereza. Alisomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na mwaka 1884 akapelekwa India pamoja na kikosi chake. Hakudumu sana katika kazi ya bunduki. Mwaka 1893 Serikali ya India ilimhamishia Zeila, na baadaye Berbera, katika pwani ya Wasomali iliyokuwa chini ya Waingereza. Hapo alianza kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini iliyofuata, yaani kukaa na masheikh na wazee wa makabila, kusikiliza mashtaka yao, na kuhakikisha kwamba kila suluhu inalinda maslahi ya dola yake.

Mwezi Oktoba 1899 alipelekwa Maskati awe mwakilishi wa kisiasa na balozi mdogo wa Uingereza. Alikuta uhusiano umechafuka. Mwezi Februari mwaka huohuo Waingereza walikuwa wametishia kuipiga kwa mizinga kasri ya Sultan Faisal bin Turki, kwa kuwa alikuwa amewapa Wafaransa mahali pa kuhifadhi makaa ya mawe ya meli zao huko Bandar Jissa. Sultan alilazimika kuitangua ahadi hiyo mbele ya watu. Cox, aliyekuwa akiimudu lugha ya Kiarabu, alimwendea kwa upole na subira. Hata Lord Curzon, Gavana Mkuu wa India, alipozuru Maskati mwaka 1903, Sultan alikuwa amekwisha kurudi upande wa Waingereza.

Shauri jingine alilolikuta Maskati linawagusa moja kwa moja wazee wetu wa pwani ya Afrika Mashariki. Baadhi ya manahodha wa mji wa Suri, ambao majahazi yao yaliteremka kila msimu hadi Unguja na bandari nyingine za pwani, walikuwa wamejipatia hati na bendera za Ufaransa. Bendera hiyo iliwakinga na upekuzi wa manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwasaka wafanyabiashara ya utumwa. Swali likawa hili: je, mtu wa Suri akipandisha bendera ya kigeni, huwa ametoka katika utii wa Sultan wake? Shauri lilifikishwa katika mahakama ya usuluhishi ya Hague, na uamuzi ukatolewa tarehe 8 Agosti 1905. Wenye majahazi waliopewa ruhusa kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waliachiwa bendera zao, lakini mahakama ilisema kwamba bendera hiyo haiwatoi katika mamlaka ya Sultan wanapokuwa ndani ya nchi yake.

Wakati uamuzi huo unatolewa, Cox alikuwa amekwisha kuhamia Bushehr, pwani ya Uajemi, ambako tangu mwaka 1904 alisimamia mambo yote ya Uingereza katika Ghuba. Hata hivyo, swali lililoulizwa kuhusu watu wa Suri halikumwacha. Je, utii hufuata mtu au hufuata ardhi? Baharini swali hilo liliwahusu manahodha. Jangwani lingewahusu mabedui na ngamia wao.

Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914, Cox alifuatana na jeshi la Uingereza lililoingia Basra akiwa afisa wake mkuu wa siasa. Tarehe 26 Desemba 1915 alitia saini mkataba na Abdulaziz Ibn Saud, mtawala wa Najd, katika kisiwa cha Tarut. Uingereza iliitambua Najd pamoja na Al-Hasa, Qatif na Jubail kuwa nchi za Ibn Saud, naye akakubali himaya yake. Kuhusu mipaka, mkataba ulisema tu kwamba itaamuliwa baadaye. Vita hivyo havikumwacha Cox mwenyewe salama, kwani mwaka 1917 mwanawe wa pekee aliuawa vitani.

Baada ya miaka miwili ya uwakilishi mjini Tehran, alirejea Baghdad mwaka 1920 akiwa Kamishna Mkuu, wakati Iraq ilikuwa imetoka katika uasi mkubwa dhidi ya utawala wa Kiingereza. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Agosti 1921, Faisal bin Hussein alitawazwa kuwa Mfalme wa Iraq chini ya usimamizi wake. Hapo ndipo mgogoro ulipokomaa. Faisal alikuwa mwana wa Sharif Hussein wa Hijaz, hasimu mkubwa wa Ibn Saud. Mwezi Novemba 1921 Ibn Saud aliuteka mji wa Hail, na kwa ushindi huo nchi yake ikapakana na Iraq. Wapiganaji wake, Ikhwan, ambao mwaka 1920 walikuwa wameishambulia Jahra huko Kuwait, sasa waliyavamia makabila ya wafugaji kusini mwa Iraq.

Jaribio la kwanza la suluhu, mkataba wa Muhammara wa tarehe 5 Mei 1922, liliyagawa makabila kabla ya kuigawa ardhi: haya ya Iraq, na haya ya Najd. Ibn Saud alikataa kuuidhinisha. Basi mwishoni mwa Novemba mwaka huo Cox alimfuata hadi Uqair, bandari ndogo katika pwani ya Al-Hasa. Iraq iliwakilishwa na waziri wake, Sabih Bey. Kuwait iliwakilishwa na Meja More, ambaye mwenyewe alikuwa afisa wa Uingereza. Sheikh Ahmad al-Jabir wa Kuwait hakuwepo.

Kwa siku kadhaa pande mbili zilivutana bila kusogea. Ibn Saud alishikilia kwamba nchi ni mahali watu wake wanapolisha na kunywesha, na kwamba kabila linalomtii ni lake popote linapohamia. Mjumbe wa Iraq naye aliidai ardhi kubwa iliyoingia ndani kabisa ya Najd. Kwa mujibu wa Harold Dickson, afisa wa Kiingereza aliyekuwepo kikaoni, subira ya Cox ilimwishia. Alimkaripia Ibn Saud kama mwalimu anavyomkaripia mtoto, kisha akatwaa penseli nyekundu na kuchora mpaka yeye mwenyewe.

Mstari huo uliipa Iraq sehemu kubwa ya ardhi iliyodaiwa na Najd. Ili kumtuliza Ibn Saud, Cox alimpa takriban theluthi mbili za ardhi ambayo Kuwait iliihesabu kuwa yake. Kwa ajili ya visima na malisho alitenga maeneo mawili ya pamoja, moja kati ya Najd na Iraq, jingine kati ya Najd na Kuwait. Hati zilitiwa saini tarehe 2 Desemba 1922, na Meja More ndiye aliyeitilia saini Kuwait. Cox alipopita Kuwait akirudi, ndipo Sheikh Ahmad alipoelezwa kilichotendeka. Dickson anasimulia kwamba Sheikh alipouliza kwa nini hakushauriwa, alijibiwa kuwa Ibn Saud angeitwaa ardhi hiyo kwa upanga kama asingepewa kwa kalamu.

Jibu hilo linaeleza siri ya kazi ya Cox. Aliwajua watawala hao mmoja mmoja, na alijua nani anaogopwa na nani anategemea ulinzi. Amani aliyoipata ililipwa na yule aliyekuwa dhaifu, ambaye kwa mkataba alikuwa chini ya himaya ya Uingereza yenyewe. Mabedui nao walilipa, kwani njia walizozifuata msimu baada ya msimu sasa zilikatizwa na mpaka wasioushiriki. Itifaki ya Uqair ilikataza kujenga ngome penye visima vya karibu na mpaka. Mwaka 1927 Iraq ilipoweka kituo cha polisi Busaiya, Ikhwan walikishambulia, na ndege za Kiingereza zikajibu kwa mabomu.

Mwezi Aprili 1923, muda mfupi kabla ya kustaafu, Cox aliuthibitisha kwa barua mpaka wa Kuwait na Iraq, visiwa vya Warba na Bubiyan vikiwa vya Kuwait. Iraq ikabaki na pwani fupi mno. Malalamiko juu ya mpaka huo yalirudi mara kwa mara hadi uvamizi wa Agosti 1990, na Umoja wa Mataifa ulikamilisha kuuwekea alama ardhini mwaka 1993. Eneo la pamoja la Kuwait na Saudi Arabia, ambamo mafuta yaligunduliwa, liligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1965, na mapato ya mafuta yakaendelea kugawanywa nusu kwa nusu.

Cox alirudi Uingereza, akawa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia kuanzia mwaka 1933 hadi 1936. Alifariki tarehe 20 Februari 1937 huko Bedfordshire akiwa katika mawindo ya farasi. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu Uqair. Ibn Saud alikuwa mfalme wa nchi iliyobeba jina la ukoo wake, Faisal alikuwa amekwisha kufa, na Sheikh Ahmad alikuwa bado anatawala Kuwait, ndani ya mstari ambao hakuitwa kuushuhudia ukichorwa.