Haskell Curry, Mtu Aliyekuta Kisima Kimeshachimbwa

Mwaka huu nataka kuwasimulia maisha ya Haskell Brooks Curry, mwanahisabati wa Marekani. Pengine jina hili ni geni kwenu, lakini mimi mtu huyu alinitoa aibu.

Curry alizaliwa tarehe 12 Septemba, 1900, huko Millis, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walikuwa na shule ya kufundisha ufasaha wa kusema mjini Boston. Mwaka wa 1916 alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard akitaka kuwa daktari. Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917, akageukia hisabati. Baadaye akajaribu mambo ya umeme, kisha fizikia, halafu huyoo, akarudi kwa hisabati.

Kilichomvutia ni fanksheni. Fanksheni ni kama mashine ya posho hapa Kitale: unaingiza mahindi, unga unatoka. Ukitanguliza mashine ya kupukuchua, hizo mbili zinafanya kazi kama mashine moja. Curry alitaka kujua kama mantiki yote inaweza kujengwa kwa kuunganisha vipande vichache vya namna hiyo.

Basi mwaka wa 1927, akifundisha Princeton, alikutana na makala ya mwaka wa 1924 ya Moses Schönfinkel. Lo! Wazo lake lilikuwa mle tayari. Mwingine angetupa kalamu. Curry alifunga safari mpaka Göttingen, Ujerumani, mahali Schönfinkel alipofanyia kazi hiyo. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka, lakini Curry alikaa akasoma, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1930. Aliliendeleza wazo lile maisha yake yote, wala hakuficha jina la aliyemtangulia.

Alifundisha katika chuo cha Penn State kuanzia 1929 hadi 1966. Mwaka wa 1946 yeye na Willa Wyatt waliandika ripoti kuhusu kuipangia kazi kompyuta ya ENIAC, dude la takriban tani 30. Alifariki tarehe 1 Septemba, 1982. Mwaka wa 1990 lugha ya kompyuta iliyopewa jina lake, Haskell, ilitangazwa. Mwaka wa 2019 wasichana wa Ethiopia na Uganda walifundishwa lugha hiyo mjini Addis Ababa, kwa hivyo si mambo ya Wazungu peke yao.

Sasa aibu yangu. Likizo ya Agosti nilipanda matatu, nikapita Kiminini na Webuye mpaka Bungoma kwa mjomba. Kompyuta yake kuukuu ina programu iitwayo wc, ambayo huhesabu maneno, na ambayo imekuwepo tangu 1971. Mimi nikaamua kuiunda upya kwa Haskell ili nihesabu insha za chama chetu. Binamu zangu walinicheka sana, ati nachimba kisima kando ya mto.

Jaribio la kwanza lilinishinda. Insha ambayo wc ilisema ina maneno 398, yangu ilisema 411! Kumbe nilikuwa nahesabu nafasi zilizo kati ya maneno, na pale nilipobonyeza nafasi mara mbili, neno la hewa likazaliwa. Nikaanza tena: mashine moja ikate maandishi kuwa maneno, ya pili ihesabu, ya tatu ionyeshe jibu. Zote tatu zilienea katika mstari mmoja tu. Jibu likawa 398.

Kisima cha zamani bado kina maji, sikatai. Lakini kabla ya kuchimba changu sikujua maji hutoka wapi. Kwa hivyo ndugu msomaji, ukikuta mwenzako amekutangulia, usikunje jamvi. Mtaje jina, kisha uendelee kuchimba.