Matthew Henson: Karani wa duka la kofia aliyefika juu kabisa ya dunia

Mwaka wa 1887, mwanajeshi wa majini wa Marekani aliingia duka moja la kofia mjini Washington akitafuta helmeti ya kumkinga jua. Alikuwa anaelekea Nicaragua, kwenye misitu na vinamasi, kupima njia ya mfereji uliopangwa kuchimbwa huko. Jina lake lilikuwa Robert Peary. Nyuma ya kaunta alisimama kijana Mweusi wa miaka 21, Matthew Henson. Peary alipata helmeti yake, na kabla mambo hayajaisha akampata pia kijana mwenyewe. Alimwajiri awe boi wake. Ndiyo, boi. Kufua, kupika, kubeba mizigo.

Hapo ndipo ilianzia hadithi ya watu wawili ambao kwa miaka zaidi ya ishirini walizunguka pamoja sehemu zenye baridi kali kuliko unavyoweza kufikiria. Wewe unayelia ikifika Julai na sweta mbili mwilini, tulia kidogo usome.

Henson hakuwa mgeni wa maisha magumu. Alizaliwa Agosti 8, 1866, katika kaunti ya Charles, jimbo la Maryland, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Wazazi wake hawakuwa watumwa, lakini walilima shamba la mwenyewe na kugawana naye mavuno, na unajua mgao wa aina hiyo huishia upande gani. Mama alifariki Henson akiwa mdogo, na baba pia hakuishi sana. Kijana akachukuliwa na mjomba wake mjini Washington. Akiwa na miaka kama 12 alitembea hadi bandari ya Baltimore akaomba kazi melini.

Meli iliitwa Katie Hines. Nahodha wake, mzee aliyejulikana kama Captain Childs, alimpa kazi ya kuhudumu chumbani, kisha akafanya jambo ambalo shule haikuwahi kumfanyia Henson ipasavyo: alimfundisha kusoma, kuandika, hesabu, na jinsi meli inavyoongozwa kwa ramani na nyota. Kabla hajafika miaka ishirini alikuwa ameona China, Japani, kaskazini mwa Afrika na bahari za baridi za Urusi. Childs alipofariki, Henson alirudi nchi kavu, akahangaika na vibarua vya hapa na pale, hadi akaishia kwenye duka lile la kofia.

Sasa, Nicaragua. Watu wengi husimulia habari za Henson kana kwamba zilianza kwenye theluji, lakini mimi naona joto lilikuwa shule ya kwanza. Kule kuna joto lenye unyevu, na joto la aina hiyo ni hatari kwa sababu moja rahisi. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho linapoza tu likikauka. Hewa ikiwa imejaa maji, jasho linatiririka bure, mwili unabaki na moto wake ndani. Henson alianza kama mtumishi, baadaye akasaidia timu ya wapimaji, na Peary akaona kwamba huyu kijana anajifunza kazi haraka na halegei. Aliporudi na mpango wa kwenda Greenland mwaka wa 1891, alimtaka Henson.

Kule jasho liligeuka kuwa adui wa namna nyingine kabisa. Kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ukikimbia nyuma ya sleji hadi ukaloa, jasho huganda ndani ya nguo zako mara tu unaposimama. Unakuwa umejivisha barafu mwenyewe. Wazungu wengi walikuwa wameenda kaskazini na makoti ya sufu na viburi vyao. Mwaka wa 1845 Sir John Franklin wa Uingereza alienda na meli mbili na wanaume wengi. Watu 129 walipotea na hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Na wakati huo huo, kwenye ukanda huo huo wa baridi, Wainuiti walikuwa wanaishi, wanaoa, wanalea watoto na wanazeeka.

Henson aliona jambo hilo na akaenda kukaa nao.

Hapa ndipo alipowaacha wenzake nyuma. Alijifunza lugha ya Wainuiti wa kaskazini mwa Greenland akaiongea vizuri kuliko Mmarekani yeyote kwenye misafara ile. Peary mwenyewe alibaki na maneno machache ya kuamrishia. Wenyeji walimpa jina, Mahri-Pahluk, yaani Matthew mwema. Walimfundisha kuendesha mbwa, kazi ambayo ukiiona kwenye video unadhani ni rahisi, kumbe mbwa hupigana, hujizungusha kwenye kamba, hukaidi, na mjeledi mrefu unaweza kumrudia aliyeushika usoni. Akawa fundi. Akaunda sleji na kuzitengeneza zilipovunjika, tena mikono mitupu isiyoweza kukaa wazi kwa dakika kadhaa.

Mavazi je? Shati la ndani lilishonwa kwa ngozi za ndege wadogo, manyoya yakigusa mwili. Juu yake koti la ngozi ya kulungu wa nchi za baridi au ya mbweha. Suruali ilikuwa ya dubu mweupe. Buti zilikuwa za ngozi ya sili, na ndani yake nyasi kavu za kunyonya unyevu, ambazo hubadilishwa. Siri ya vazi lote ni hewa iliyonaswa katikati ya manyoya, pamoja na nafasi ya kulegeza shingoni ili joto la ziada litoke kabla jasho halijaanza. Wanawake wa Kiinuiti ndio walioshona vitu hivi, na kwenye misafara ya Peary walishona kwa miezi kabla ya safari yenyewe. Bila sindano zao hakuna mtu angetoka kambini.

Halafu nyumba ya theluji. Inasikika kama mzaha, kulala ndani ya kitu cha baridi ili upate joto. Lakini theluji iliyoshikamana imejaa vipovu vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mlango huwekwa chini, kitanda cha theluji hujengwa juu zaidi, kwa hivyo hewa baridi ambayo ni nzito hubaki chini na hewa yenye joto hupanda walipo watu. Taa ya mafuta ya sili na miili ya watu wachache vinatosha kuinua joto kiasi cha mtu kuvua koti. Henson aliweza kujenga moja kwa muda mfupi, na wenzake wakawa wanamtegemea.

Chakula kilikuwa nyama na mafuta, mara nyingi bichi. Usikunje uso. Nyama mbichi na ngozi ya wanyama wa baharini zina vitamini C, ambayo huharibika ikipikwa sana, na ndiyo iliyowakinga na kiseyeye kilichomaliza mabaharia wengi wa Ulaya.

Lakini hata kwa ujuzi huo wote, kaskazini haikubembeleza mtu. Mwaka wa 1895 Henson, Peary na mwenzao Hugh Lee walivuka barafu kuu ya Greenland na karibu wafe njaa. Walikula mbwa wao. Walianza na zaidi ya arobaini, wakarudi na mmoja. Mapema mwaka wa 1899 vidole vya miguu vya Peary viligandishwa na baridi. Henson ndiye aliyezikata buti zake kwa kisu, na baadhi ya vidole vikatoka navyo. Walimfunga kwenye sleji wakamrudisha hadi melini. Peary alipoteza vidole vinane kwa jumla. Tangu hapo alitembea kwa kuburura miguu, na kila safari iliyofuata ilimtegemea zaidi Henson.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo wapenzi wa Henson huiruka. Wainuiti wa eneo lile walikuwa na vimondo vya chuma walivyotumia kwa karne nyingi kutengenezea visu na ncha za mikuki. Peary alivichukua. Kikubwa zaidi kilikuwa na uzito wa tani 31 hivi, na vilikuja kuuzwa kwa makumbusho ya New York kwa dola 40,000. Mwaka wa 1897 aliwapeleka pia Wainuiti sita New York. Wanne walikufa kwa magonjwa ndani ya miezi michache. Mtoto mmoja, Minik, alibaki yatima ugenini, akafanyiwa mazishi ya uongo ya baba yake huku mifupa ikiwekwa kwenye makumbusho. Henson alikuwa mtu wa Peary wakati wote huo. Alipendwa na Wainuiti, naam, lakini mshahara wake ulitoka kwa aliyewachukulia vitu vyao.

Safari kubwa ilikuja 1909. Kutoka Cape Columbia, ncha ya juu ya Canada, hadi Ncha ya Kaskazini ni kilomita takribani 760, na hakuna ardhi. Ni barafu inayoelea juu ya bahari, inayopasuka na kusukumana. Walianza na watu 24 na mbwa 133. Mbinu ilikuwa kundi moja baada ya jingine kufungua njia, kuacha chakula na kurudi. Mwisho walibaki sita: Peary, Henson, na Wainuiti wanne, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah.

Siku za mwisho Henson aliteleza akatumbukia majini. Kwenye baridi ile, dakika chache zinatosha kukumaliza. Ootah alimdaka kwa nyuma ya shingo akamvuta juu, akamvua buti zilizoloa akamvalisha kavu, kisha akaipiga suruali yake ya dubu ili maji yatoke kabla hayajaganda. Halafu wakaendelea na safari. Hivyo tu.

Aprili 6, 1909, Peary alitangaza kwamba wamefika. Henson alisimulia baadaye kwamba yeye alikuwa ametangulia, akafika pale kabla ya Peary ambaye muda mwingi alibebwa na sleji, na kwamba kuanzia hapo bosi wake alimnunia hata njiani kurudi wakawa hawaongei.

Kama kweli walifika pale hasa ni ubishi ambao haujaisha. Frederick Cook, Mmarekani mwingine, alidai alifika mwaka mmoja kabla yao, na wengi hawamwamini. Wally Herbert, Mwingereza aliyefika huko kwa mbwa mwaka wa 1969, alichunguza rekodi za Peary na mwaka wa 1989 akachapisha kitabu akisema huenda walipungukiwa na makumi ya kilomita. Mimi naona jambo hilo linamuumiza Peary kuliko Henson. Aliyeshika vipimo alikuwa Peary. Kazi ya Henson ilikuwa kuwafikisha watu mbali kiasi kile na kuwarudisha hai, na wote sita walirudi.

Nyumbani, Peary alipandishwa cheo hadi admeri na kupewa pensheni. Henson alifanya kazi kwenye gereji moja Brooklyn. Mwaka wa 1912 alichapisha kitabu chake, A Negro Explorer at the North Pole, lakini hakikumtajirisha. Mwaka wa 1913, kwa agizo la Rais Taft, alipata kazi katika ofisi ya forodha New York. Kazi gani? Tarishi. Alibeba karatasi kutoka meza hii hadi ile kwa miaka 23, hadi 1936. Mwaka uliofuata, Explorers Club, chama cha wapelelezi wa dunia, kikamkubali kuwa mwanachama. Alikuwa na miaka 70. Mwaka wa 1954 Rais Eisenhower alimkaribisha ikulu. Alifariki Machi 9, 1955, akazikwa makaburi ya Woodlawn, Bronx.

Kule Greenland alikuwa ameacha mtoto wa kiume, Anauakaq, aliyezaliwa 1906 na mama Mwinuiti, Akatingwah. Peary naye aliacha wake. Marekani haikuzungumza habari hizo. Mwaka wa 1986 Profesa Allen Counter wa Harvard, mtu Mweusi aliyekuwa amesikia fununu, alisafiri hadi huko akawakuta wazee hao wawili, kila mmoja na miaka 80. Mwaka uliofuata aliwaleta Marekani, na Anauakaq akasimama kwenye kaburi la baba ambaye hakuwahi kumjua. Alifariki mwaka huo huo wa 1987.

Counter aliendelea kuisumbua serikali. Aprili 6, 1988, mwili wa Henson ulihamishwa pamoja na wa mkewe Lucy hadi makaburi ya taifa ya Arlington, ukazikwa kwa heshima za kijeshi kando ya kaburi la Peary. Jamaa zake kutoka Greenland walikuwepo.