Élő Árpád, mtu aliyegeuka kuwa kipimo

Katika Kihungari jina la ukoo hutangulia na jina la mtu hufuata. Kwa hiyo mtu ninayetaka kumsimulia hapa kwao aliandikwa Élő Árpád. Árpád ni jina la mtemi wa kale aliyewaongoza Wahungari walipoingia katika nchi wanayokaa mpaka leo. Élő maana yake ni hai, mwenye uhai. Huko Marekani, alikokulia, waligeuza mpangilio na kuondoa alama juu ya herufi, akawa Arpad Elo. Kisha wachezaji wa dunia nzima wakalichukua jina la ukoo wakalifanya neno la kila siku: elo yangu imepanda, elo yake imeshuka. Wengi huliandika kwa herufi kubwa tupu, ELO, wakidhani ni kifupisho kama vile ONU au SNCC. Hapana. Ni mtu, mwalimu wa fizikia, aliyefariki mwaka 1992.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya jina, ambayo inatuhusu sisi wa lugha. Ya pili ni kwamba kila mwaka, matokeo yakibandikwa kwenye valvu, naona wenzangu wanageuka kuwa namba kwa siku tatu nne, wengine kwa muda mrefu zaidi. Nilitaka kujua maisha ya mtu aliyetumia miaka mingi kutengeneza namba za kuwapima watu, na kama mwenyewe aliziamini.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1903 katika kijiji cha Egyházaskesző, magharibi ya Hungaria, wakati nchi hiyo ilipokuwa bado chini ya mfalme mmoja na Austria. Mwaka 1913 wazazi wake walihamia Marekani pamoja naye, na mwaka uliofuata vita vikuu vya kwanza vikaanza kule walikotoka. Alisoma Chuo Kikuu cha Chicago. Tangu 1926 alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, kando ya ziwa Michigan, na hapo akabaki kwa miongo ya miaka. Katika kazi yake ya mchana hakuna jambo ambalo lingemfanya leo akumbukwe nje ya mji ule.

Saa za mapumziko alicheza sataranji. Milwaukee enzi hizo ulikuwa mmoja wa miji yenye wachezaji hodari nchini Marekani, na Elo alichukua ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane. Hiyo si kidogo, lakini hakukaribia kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1957, akiwa amepita miaka hamsini, alikutana mezani na mvulana wa miaka 14 aitwaye Bobby Fischer, akashindwa. Napenda kuikumbuka habari hiyo, maana miaka kumi na mitano baadaye namba iliyomweka Fischer juu ya wanadamu wote ilitoka katika hesabu za yule mzee aliyemshinda.

Pamoja na kucheza, Elo alikuwa mtu wa vikao. Alikuwa miongoni mwa waliounda Shirikisho la Sataranji la Marekani mwaka 1939. Shirikisho hilo lilikuwa na tatizo la nchi kubwa: mchezaji wa California na yule wa New York huenda hawataonana maisha yao yote, na bado kila mmoja anadai kuwa bora kuliko mwenzake. Kuanzia mwaka 1950 walitumia kipimo cha Kenneth Harkness. Ukicheza mashindano, wanachukua wastani wa namba za wapinzani wako. Ukipata nusu ya pointi zote, namba yako ni ule wastani. Ukipita nusu, unaongezewa pointi 10 kwa kila moja ya asilimia uliyozidisha. Ni rahisi, hata fundi cherehani angeweza kukihesabu. Lakini kilikuwa mstari ulionyooka, na uwezo wa watu haunyooki hivyo, hasa pale mchezaji hodari anapokutana na dhaifu sana. Watu walinung'unika. Mwaka 1959 Elo alipewa kuongoza komite ya kuchunguza jambo hilo.

Hapa ndipo fizikia ilipoingia. Mwalimu wa fizikia anajua kwamba ukipima urefu wa meza mara mia hutapata jibu lile lile mara mia. Majibu yatarundikana katikati na kupungua pembeni, kwa umbo la kengele. Elo alimtazama mchezaji kwa jicho hilo. Siku moja umelala vizuri, siku nyingine umegombana na jirani usiku kucha. Uchezaji wako unapanda na kushuka, lakini kuna kiini ambacho unazungukazunguka karibu nacho, na kiini hicho ndicho cha kukadiria. Kwa hiyo hakuanza kwa kuuliza mshindi apewe pointi ngapi. Kwanza aliuliza: kabla ya mchezo, tulitarajia nini?

Chukua wachezaji wawili, mmoja wa 1700 na mwingine wa 1500. Kwa tofauti ya pointi 200, hesabu inatarajia kwamba yule wa juu atapata kama 76 katika kila pointi 100 watakazogombania. Wakicheza, tunalinganisha kilichotokea na kilichotarajiwa, kisha tunazidisha tofauti kwa namba fulani, tuseme 32. Wa juu akishinda, anapata pointi 8 tu, kwa sababu kila mtu alilijua hilo. Akishindwa, anapoteza 24. Hata sare inamgharimu 8. Anachopoteza mmoja ndicho anachopata mwingine. Mtu aliyepimwa vibaya, hata akianzia chini sana, atapandishwa na matokeo yake mwenyewe mpaka afike mahali pake, na hakuna jaji wa kumwonea wala wa kumpendelea.

Angalia pia kwamba 1700 peke yake haina maana yoyote. Ongeza pointi elfu kwa kila mchezaji na hakuna kitakachobadilika. Ni tofauti tu inayosema kitu. Waliofundishwa Saussure mwaka wa kwanza wataitambua hali hii: alama inapata thamani yake kutokana na jirani zake. Sijui mwandishi yeyote aliyewaweka hawa wawili pamoja, lakini mimi siwezi tena kusoma mmoja bila kumfikiria mwingine.

Shirikisho la Marekani lilikubali kipimo kipya mwaka 1960. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lilikifuata mwaka 1970, na kwa miaka mingi Elo mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu za dunia nzima, kwa kikokotoo cha mkononi. Mwaka 1972, Fischer alipokwenda Iceland kugombea ubingwa, orodha ilimpa 2785, mbali sana juu ya wote. Mwaka 1978 Elo alichapisha kitabu chake kikubwa, na ndani yake akafanya jambo ambalo mimi naliona la ujasiri kupita kiasi: aliwapima marehemu. Alirudi nyuma katika kumbukumbu za mashindano mpaka karne ya 19. Capablanca, aliyekuwa amefariki tangu 1942, akapewa 2725, na Lasker 2720. Wapo waliosema kwamba huwezi kulinganisha watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja. Elo alitegemea mnyororo: huyu alicheza na yule, yule mzee alicheza na kijana, kijana akacheza na wa leo. Mnyororo huo mimi naukubali, ila kadiri unavyorefuka ndivyo pete moja mbovu inavyodhuru nyingine.

Je, aliziamini namba zake? Aliziamini kama vile fundi anavyoamini futi yake. Alifananisha kazi ya kumpima mchezaji na kupima mahali kilipo kizibo kinachocheza juu ya maji, kwa kutumia fimbo iliyofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Pia alikuwa akisisitiza kwamba kipimo si zawadi wala adhabu, wala si karoti ya kumwonyesha sungura ili akimbie. Maneno hayo hayakusikilizwa. FIDE ilifungamanisha namba na vyeo vya ubwana mkubwa, waandaaji wa mashindano wakazitumia kuchagua wa kualika, na tangu hapo karoti ikawa mbele ya kila sungura.

Alifariki tarehe 5 Novemba 1992 huko Brookfield, Wisconsin. Mwezi wa Agosti 1993, mwanahisabati mmoja, Richard Garfield, alitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, ambao kila mchezaji hujitengenezea kifurushi chake. Mashindano yalipokua, waandaaji walichukua hesabu ya Elo kama ilivyo. Kila mtu alianza na 1600.

Karata si sataranji. Kwenye sataranji vyote viko mezani. Kwenye karata kuna mkono uliogawiwa. Tuseme bingwa wa karata anamshinda mchezaji wa kawaida mara 60 katika 100, jambo ambalo kwa karata ni zuri sana. Kwa hesabu ya Elo hiyo ni tofauti ya pointi 70 tu. Bahati inawabana wote katika chumba kimoja, na matokeo ya siku moja yanaweza kumpandisha mtu au kumshusha bila yeye kubadilika. Kisha likaja tatizo baya zaidi. Kwa kuwa walio juu walialikwa kwenye mashindano makubwa, aliyefika juu aligundua kwamba njia salama ni kutocheza. Alikaa nyumbani akiilinda namba yake. Mwaka 2011 wenye mchezo walikiacha kipimo, wakaleta pointi za kuhudhuria na kushinda ambazo zilijumlishwa tu. Bridge ilikuwa na pointi za aina hiyo tangu miaka ya 1930: hazishuki kamwe, hivyo mzee aliyecheza miaka arobaini anaweza kuwa nazo nyingi kuliko kijana anayemshinda kila Jumamosi. Ile ni akiba ya benki, na ya Elo ni kipimo cha joto. Mimi naona waandaaji walibadilisha swali kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa linawafukuzia wateja.

Nilijaribu jambo hili homuni kwetu. Tulikuwa kumi na mmoja wanaocheza karata jioni, umeme ukiwepo na hata usipokuwepo, nikafungua daftari nikahesabu kwa kalamu. Mezani tulikaa wanne, na Elo alipanga kwa wawili. Nikaugawa kila mchezo kuwa michezo midogo sita, kila mmoja dhidi ya kila mmoja: wa kwanza amewashinda watatu, wa pili wawili, na kuendelea. Inafanya kazi, ingawa kwa wanne kuna mambo ambayo wawili hawana. Wawili wa chini wanaweza kushirikiana kumwangusha wa juu bila kusemezana, na daftari litasema tu kwamba ameshindwa. Mwezi wa pili kaka mmoja wa promosyo ya juu alifika 1640, wa kwanza kati yetu, akaanza kuwa na kazi nyingi kila jioni. Tulimpelekea hata chai. Hakuja.

Dawa ya ugonjwa huo ipo. Mwaka 1995 mtakwimu Mark Glickman alimpa kila mchezaji namba mbili: uwezo wake, na kiasi cha shaka tuliyo nayo juu ya uwezo huo. Usipocheza, shaka inakua. Microsoft walitengeneza kipimo cha jamaa hiyo, TrueSkill, ambacho kinaweza kuwapima watu wengi waliocheza mchezo mmoja kwa pamoja. Nilipomweleza kaka yetu kwamba 1640 yake sasa itaandikwa na alama ya kuuliza pembeni, alirudi mezani siku ya Ijumaa.

Kuna dosari ambayo shaka haiitibu. Mwaka 1996 mfungwa mmoja wa jimbo la Virginia alionekana wa pili katika orodha ya Marekani nzima, akiwa na zaidi ya 2700. Alikuwa amecheza michezo maelfu na wafungwa wenzake. Pointi ziliingia gerezani na kila mgeni, kisha zikapanda mpaka kwake, na hakukuwa na mlango wa kumkutanisha na wachezaji wa nje. Hesabu haikukosea hata mahali pamoja. Daftari letu nalo lina watu kumi na mmoja, na hatujawahi kucheza na homu ya pili.

Kuhusu neno lenyewe tumeshakubaliana kuliandika kwa herufi ndogo na kulipa upatanisho wa ngeli ya 9: elo hii, elo yangu. Wingi ndio unaotugawa. Mimi naandika elo zetu. Mwenzetu wa Kalemie anashikilia kusema maelo yetu, na kwa sasa wanaomfuata ni wengi.