Maisha ya Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Napenda kuwapa habari za maisha ya Bwana Michael Faraday, ambaye jina lake twalitaja mara nyingi katika somo la Fizikia bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Nilipokuwa Kidato cha Pili matokeo yangu ya Hesabu yalikuwa mabaya sana, nikakusudia kuiacha Fizikia nitakapoingia Kidato cha Tatu. Maisha ya bwana huyu ndiyo yaliyonizuia.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na mji wa London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mtu wa kuuguaugua, na fedha nyumbani zilikuwa chache. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipofika umri wa miaka 14 alitiwa kazini kwa bwana mmoja mwenye duka la kujalidi vitabu, akakaa huko miaka saba akijifunza kazi hiyo. Vitabu alivyopewa kujalidi alivisoma pia, hasa vilivyoeleza habari za umeme na kemia.

Mwaka wa 1812 alipewa tiketi za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy, mtaalamu mkubwa wa kemia wa wakati ule. Aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake yakawa kitabu, akampelekea Davy na kumwomba kazi. Mwaka uliofuata alipata kazi ya msaidizi katika Royal Institution, na hapo ndipo alipofanya kazi karibu maisha yake yote.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, bila nyaya hizo kugusana. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ikatikisika tena. Basi akatambua kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika huzaa umeme katika waya ulio jirani. Mitambo ya umeme ya Kidatu na Mtera huzalisha umeme kwa kanuni hiyo hiyo.

Faraday hakuwa hodari wa hesabu za juu. Lakini wenzangu, tusidhani kwamba hesabu hazina kazi! Ilimpasa bwana mwingine, James Clerk Maxwell, kuyageuza mawazo yake yawe hesabu. Faraday alikataa mara mbili kuwa Rais wa Royal Society, akafa tarehe 25 Agosti, 1867.

Sasa nitaeleza jambo lililonigusa zaidi. Kiko chombo kinachopima udongo bila kuuchimba. Ndani yake mna waya uliozungushwa, unaopitishwa umeme wa kubadilikabadilika. Nguvu yake ya sumaku huingia ardhini na kuzaa umeme mdogo katika udongo, nao huzaa nguvu nyingine ya sumaku, inayopokewa na waya wa pili. Udongo wenye maji hupitisha umeme kuliko ukuta wa mawe, na udongo uliochomwa moto huwa na usumaku zaidi. Kwa hiyo tofauti zilizofichika chini huonekana kwenye ramani.

Chombo cha namna hii kimetumika hapa Tanzania, katika kisiwa cha Songo Mnara karibu na Kilwa, penye magofu ya mji wa karne ya 14 hadi ya 16. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka wa 2014. Nyumba za mawe zinaonekana kwa macho, lakini wataalamu walitambua pia mahali palipokuwa na nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuacha ukuta wowote juu ya ardhi.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mama yangu kwetu Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa. Yeye hufinyanga vyungu, huvichoma, na kuviuza sokoni siku ya Jumamosi. Daftari zangu, sabuni na nauli hutoka katika vyungu hivyo. Zamani niliona haya kuwaambia wenzangu bwenini. Kumbe mahali anapochomea vyungu pameandikwa ardhini, na mtaalamu atakayekuja baada ya miaka mia tano aweza kupasoma kwa kanuni ya mtoto wa mhunzi!

Likizo iliyopita nilimweleza mama habari hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akanituma nikalete kuni.

Basi, Fizikia sikuiacha. Hesabu bado zanishinda, lakini kila jioni kabla ya prepu nafanya maswali matano, na mtihani wa taifa u karibu. Wenzangu mlio Kidato cha Pili, msikate shauri la kuacha somo kabla ya kujua habari za watu waliolianzisha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne