Hugo Flecker: Daktari aliyemsaka muuaji wa majini

Januari 20, 1955, mtoto wa kiume wa miaka 5 alichomwa na kiumbe kisichoonekana katika maji ya kina kifupi huko Cardwell, jimbo la Queensland, Australia, akafariki dunia. Habari zilipomfikia Dakta Hugo Flecker mjini Cairns, hakuridhika na kujua sababu ya kifo tu. Alitaka mnyama mwenyewe apatikane.

Nyavu zilikokotwa, zikaleta aina tatu za konyeza. Mmoja alikuwa na umbo la sanduku, na kila pembe yake imeshusha fungu la minyiri. Flecker, aliyekuwa na umri wa miaka 70, hakumtambua. Alimpeleka kwa Dakta Ronald Southcott mjini Adelaide, ambaye Desemba mwaka huo alimtangaza kuwa kiumbe kipya kwa sayansi na kumwita Chironex fleckeri, yaani mkono muuaji wa Flecker. Ni heshima ya ajabu kidogo.

Mkazi wa pwani humjua konyeza kwa mwasho. Huyu ni mwingine kabisa: sumu yake hutoboa chembe za damu, na moyo waweza kusimama katika dakika chache. Mtoto yumo hatarini zaidi, kwani mwili wake ni mdogo ilhali minyiri ni ile ile.

Flecker alizaliwa Melbourne mwaka 1884. Alikuwa mtaalamu wa eksirei, lakini baada ya kuhamia Cairns mwaka 1932 alianzisha chama cha wapenzi wa viumbe asilia, akakusanya mimea na kuchunguza sumu za kila namna. Wagonjwa wengine walimtatiza. Walichomwa kidogo tu baharini, na baada ya muda wakashikwa na maumivu makali ya mgongo na kutapika. Mwaka 1952 aliyaita maradhi hayo Irukandji, jina la wenyeji wa asili wa pwani hiyo.

Aliaga dunia mwaka 1957 bila kumwona mhusika. Mwaka 1961 Dakta Jack Barnes alimkamata konyeza mdogo, akajichoma naye, pamoja na mwanawe wa miaka 9 na mwokoaji wa ufukweni. Wote watatu waliishia hospitalini, na wote wakapona. Dawa ya kuzima sumu ya Chironex ilipatikana mwaka 1970. Ya Irukandji bado haijapatikana.