Daktari John Snow na Kisima cha Broad Street

Katika masomo yaliyotangulia tumejifunza kwamba maji machafu huleta maradhi. Siku hizi jambo hilo hujulikana hata kwa watoto wadogo. Lakini katika karne ya 19 hata madaktari wengi mashuhuri hawakulijua. Katika somo hili tutasoma maisha ya John Snow, daktari Mwingereza aliyechunguza jinsi ugonjwa wa kipindupindu unavyoenea. Unaposoma, angalia kwa makini njia mbalimbali alizozitumia ili kuupata ukweli.

Utoto na masomo yake

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi, 1813, katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto 9. Baba yake alikuwa kibarua, nao waliishi katika sehemu ya maskini karibu na mto Ouse.

Alipokuwa na umri wa miaka 14, Snow alipelekwa katika mji wa Newcastle kujifunza kazi ya utabibu chini ya daktari mmoja. Haukupita muda mrefu ugonjwa wa kipindupindu ukaingia Uingereza kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa mwaka 1831. Kijana Snow, akiwa na umri wa miaka 18 tu, alitumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe huko Killingworth. Aliwaona watu wenye nguvu wakitapika na kuharisha, wakaishiwa na maji mwilini, na wengine wakafa katika muda wa saa chache. Dawa zilizotumika wakati huo hazikuwafaa kitu.

Hali ya wachimbaji hao haikumtoka akilini. Walishinda chini ya ardhi, mahali pasipokuwa na choo, na walikula chakula chao humo humo bila ya kunawa mikono. Miaka mingi baadaye aliikumbuka hali hiyo alipokuwa akitafuta chanzo cha ugonjwa.

Mwaka 1836 Snow alikwenda London kuendelea na masomo. Alisafiri kwa miguu. Alisoma kwa bidii, na mwaka 1844 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London.

Uchunguzi wa dawa za usingizi

Zamani mgonjwa alipasuliwa akiwa macho, na maumivu yake yalikuwa makali mno. Mwaka 1846 ilianza kutumika dawa iitwayo etha, ambayo mvuke wake humfanya mgonjwa alale usingizi. Lakini mvuke mchache haukutosha kumlaza, na mvuke mwingi mno uliweza kumwua. Snow alipima kiasi cha mvuke kinachochukuliwa na hewa katika kila nyuzi za joto, akatengeneza chombo cha kumpa mgonjwa kiasi kinachofaa. Akawa bingwa wa kazi hiyo, na mwaka 1853 aliitwa kumpa dawa ya usingizi Malkia Victoria alipokuwa akijifungua.

Uchunguzi huo wa hewa na mvuke ulimpa Snow shaka juu ya jambo moja kubwa. Madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye harufu mbaya itokayo kwenye uchafu. Snow alijiuliza: Kama ugonjwa huingia kwa hewa, mbona hauanzii mapafuni? Kipindupindu huanza tumboni. Kwa hiyo alifikiri kwamba sumu yake humezwa pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Alichapisha fikira zake katika kitabu kidogo mwaka 1849, lakini madaktari wengi hawakuzikubali. Walitaka ushahidi zaidi.

Maafa ya Broad Street

Mwishoni mwa Agosti, 1854, kipindupindu kilizuka ghafla katika sehemu ya London iitwayo Soho. Katika siku 10 zaidi ya watu 500 walikufa. Wenye uwezo walizikimbia nyumba zao. Snow hakuwa akiishi mbali na mahali hapo. Yeye hakukimbia, alikwenda kuchunguza.

Kwanza alikwenda katika ofisi ya serikali iliyoandikisha vifo. Alipata orodha ya watu 83 waliokufa kwa siku tatu tu. Kisha alikwenda huko na orodha yake mkononi. Aliona kwamba karibu wote walikuwa wakiishi karibu na kisima chenye pampu katika Broad Street. Vifo 10 tu vilitokea katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na pampu nyingine. Snow aliwatembelea jamaa za marehemu hao. Watano kati ya hao walikuwa wa familia zilizopendelea kuchota maji Broad Street, na watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule karibu na pampu hiyo.

Mtafiti mwema hatazami wagonjwa tu. Huwatazama pia wale wasiougua. Karibu na pampu palikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia maskini yenye watu 535, lakini waliokufa humo walikuwa 5 tu. Snow aligundua kuwa nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake yenyewe. Katika Broad Street penyewe palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Wafanyakazi hao walikunywa bia waliyopewa kiwandani, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake.

Ushahidi mwingine ulitoka mbali. Mwanamke mmoja mjane aliyeishi Hampstead, nje kabisa ya eneo la ugonjwa, alikufa kwa kipindupindu. Mwanawe alimweleza Snow kwamba mama yake aliyapenda maji ya Broad Street, na kila siku aliletewa chupa yake kwa gari la farasi. Mtoto wa ndugu yake, aliyekuja kumtembelea, aliyanywa pia, akarudi kwake, akafa.

Tarehe 7 Septemba, Snow alikwenda mbele ya wakuu wa mtaa akawaeleza aliyoyaona. Kesho yake mpini wa pampu uliondolewa, na watu hawakuweza tena kuchota maji hapo. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamehama. Hata hivyo, kisima hicho hakikuweza tena kumwua mtu. Baadaye Snow alichora ramani ya mtaa, akaweka alama kwa kila kifo. Alama nyingi zilisongamana kuizunguka pampu.

Kuhesabu na kupima

Mwaka huo huo Snow alifanya uchunguzi mwingine, mkubwa zaidi. Kusini mwa London kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile. Kampuni ya Southwark na Vauxhall ilivuta maji yake mtoni Thames mahali palipoingia taka za mji. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehama mwaka 1852, ikavuta maji yake juu zaidi, kabla mto haujafika mjini. Wateja wa kampuni hizo walikuwa majirani. Walivuta hewa moja, na tofauti yao kubwa ilikuwa maji.

Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza jina la kampuni. Watu wengi hawakulijua. Hapo alitumia elimu ya kemia. Maji ya bahari yanapojaa hupanda mtoni hadi mjini, hivyo maji ya kampuni ya kwanza yalikuwa na chumvi nyingi zaidi kuliko yale ya Lambeth. Snow alichukua maji kidogo katika kila nyumba, akayatilia dawa iitwayo nitrati ya fedha. Maji yenye chumvi nyingi yaligeuka meupe, naye akaijua kampuni yake.

Hesabu ya wiki 7 za kwanza za ugonjwa ilikuwa hivi: Kwa kila nyumba 10,000 zilizotumia maji ya Southwark na Vauxhall, watu 315 walikufa. Kwa kila nyumba 10,000 zilizotumia maji ya Lambeth, watu 37 walikufa.

Kasisi aliyempinga

Katika mtaa wa Soho alikuwapo kasisi kijana aitwaye Henry Whitehead. Yeye hakuyaamini maneno ya Snow, akaanza kuchunguza ili ayakanushe. Aliwajua watu wa mtaa wake vizuri, nao walimweleza habari zao bila kificho. Aliwauliza wagonjwa na wazima pia. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba Snow alikuwa na haki.

Whitehead ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga wa nyumba namba 40, iliyokuwa mbele ya pampu. Mtoto huyo aliharisha kabla ya watu wengine kuugua. Mama yake alifua nepi zake na kumwaga maji machafu katika shimo la taka la nyumba hiyo. Shimo hilo lilipochimbuliwa mwaka 1855, lilionekana kuwa chini ya meta moja tu kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yameoza. Uchafu ulikuwa ukipenya udongo na kuingia katika maji ya kunywa.

Kifo chake na ushindi wa ukweli

John Snow alifariki dunia tarehe 16 Juni, 1858, akiwa na umri wa miaka 45. Hakuwahi kuona fikira zake zikikubaliwa na watu wote. Mwaka 1866 kipindupindu kilipoizukia tena London, William Farr, mtaalamu aliyekusanya hesabu za vifo vya nchi nzima, alikubali kwamba maji ndiyo yaliyoueneza. Miaka ya 1883 na 1884, Robert Koch wa Ujerumani alivichunguza kwa hadubini vijidudu vya kipindupindu huko Misri na India.

Ugonjwa huo ulifika kwetu pia. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Daktari James Christie, aliyefanya kazi huko, aliwauliza wafanyabiashara habari za safari zao, akafuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na misafara. Kitabu chake juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki kilichapishwa mwaka 1876.

Basi, utafiti si kazi ya maabara peke yake. Anayetazama kwa hadubini huchunguza maumbile. Anayewauliza watu wanaishije, wananunua nini na wanachota maji wapi, huchunguza jamii. Hadubini isingeweza kumwonyesha Snow ni nani aliyempelekea mjane chupa ya maji. Na maswali peke yake yasingeweza kumwonyesha Koch kijidudu. Kila elimu ilitoa sehemu yake, na kwa pamoja zimewafundisha watu namna ya kuokoa maisha.

Maswali

1. Kwa nini Snow hakukubali kwamba kipindupindu huletwa na harufu mbaya?
2. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walisaidiaje kuonyesha chanzo cha ugonjwa?
3. Eleza jinsi Snow alivyotambua maji ya kampuni mbili bila ya kuambiwa na wenye nyumba.
4. Vifo katika nyumba za kampuni ya kwanza vilikuwa karibu mara ngapi ya vile vya kampuni ya pili?
5. Whitehead alijua jambo gani ambalo Snow hakulijua?

Kazi ya kufanya

Chora ramani ya kijiji au mtaa wako. Onyesha mahali watu wanapochota maji, vyoo na mashimo ya taka. Pima kwa hatua umbali kutoka kila choo hadi mahali pa maji palipo karibu. Waulize watu wa nyumba 10 wanachota maji wapi, na kama huyachemsha kabla ya kuyanywa. Andika majibu yao katika jedwali, kisha jadilianeni darasani: Ni mahali gani penye hatari, na nini kifanyike?